Shida ya Chumvi

Buffalo, 9 Juni 2025

Mwalimu Salomon,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Ninakuandikia kwa karatasi, kama tulivyopatana. Simu yangu imeunganishwa na ya binti yangu Isaro, na kila ujumbe ninaoandika unaonekana kwake huko Lackawanna, mji wa jirani. Isaro anaongoza kwaya. Sitaki kwaya ijue.

Bon. Nimenunua miche mitatu ya bangi katika duka lenye leseni. Sheria ya New York inaruhusu. Nimeisoma mara mbili, na uraia niko nao tangu 2019. Nimeiweka uani, nyuma ya uzio wa mbao wenye kufuli, kila mmoja ndani ya ndoo yake. Yote ni majike. Muuzaji alisema dume haina faida. Nikamwambia hilo hata kwetu Minembwe, milimani Kongo, tunalijua.

Sababu unaijua. Dada yangu Kanyana anahamia kwangu mwezi wa kumi. Unamkumbuka, kabla hujaondoka Louisville ulimwona kanisani. Miaka kumi na moja ya kukata kuku kiwandani imemkunja vidole. Hawezi kufunga kifungo. Vidonge vinamchoma tumbo. Mimi msimu wa baridi nilipaka goti mafuta ya mmea huu, nikalala hadi asubuhi. Lakini kopo la dukani ni dogo kama kifuniko cha soda, na Kanyana ana vidole kumi. Nataka akifika akute mafuta yake tayari. Yeye pia ni raia; picha yake na bendera ndogo nimeitundika sebuleni. Donc, kwa hiyo, hakuna wa kutusumbua.

Sasa shida. Majani yamelegea kama masikio ya ndama mgonjwa. Ninanywesha asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja. Yanazidi kulegea. Wewe umevuna misimu miwili. Niambie nafanya nini.

Ndugu yako,
Nyarugabo


Columbus, 14 Juni 2025

Mzee Nyarugabo,

Shikamoo. Barua imefika leo. Kwanza acha kumwagilia. Acha leo.

Mmea ukikosa maji hulegea. Ukizidishiwa maji pia hulegea, kwa sababu mizizi inakosa hewa. Ukiutazama kwa juu huwezi kutofautisha, kwa hiyo usiutazame. Tumbukiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kisha nyanyua ndoo. Jifunze uzito wake ikiwa imeshiba na uzito wake ikiwa kavu. Inywe inapokuwa nyepesi tu. Huyu si ng'ombe, Mzee, hana ratiba ya mtoni.

Nijibu haya: Umetoboa matundu chini ya ndoo? Unatia maji kiasi gani? Usiniandikie "ya kutosha." Niandikie lita.

Na tafadhali usiupe chakula chochote kwa sasa. Udongo wa dukani una chakula cha wiki kadhaa.

Wako,
Salomon Mpawenimana


Louisville, 22 Juni 2025

Mdogo wangu Nyarugabo,

Ni Nzigire ninayeandika, jirani wa mlango wa pili. Maneno ni ya dada yako; anakaa hapa kando yangu na kunisimamia kama mkaguzi. Yeye mkono hauwezi kalamu, na simu haisikii vizuri tangu mashine za kiwandani zimharibu sikio.

Anasema: barua yako nimeipata. Unasema unanifugia kitu, majike matatu, na unakilisha mwenyewe kwa mikono yako hadi nitakapofika. Hukutaka kutaja jina. Nyarugabo, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, utanificha nini? Nimejua. Nimecheka peke yangu jikoni. Mahali pa kuwaweka umepapata wapi, kwa yule Mmarekani mwenye shamba uliyekuwa unamfanyia uzio?

Niko na shida ya maziwa ya kweli tangu 2012. Haya ya dukani ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe.

Mikono ni ile ile. Usiulize.

Wape chumvi.

Dada yako,
Kanyana

(Na mimi Nzigire nakusalimu. Hao ng'ombe wana rangi gani? Hataki kulala, anauliza rangi.)


Buffalo, 5 Julai 2025

Mwalimu,

Matundu nilikuwa sijatoboa. Sasa nimetoboa, matano kila ndoo. Maji yaliyotoka chini yalinuka kama kinamasi.

Lakini sikiliza jambo moja. Ulisema "acha leo." Barua yako ilifika tarehe 18. Nikaacha. Hukusema hadi lini. Nilingoja barua nyingine ije iniambie nianze. Tarehe 27 moja ilikuwa imelala juu ya ukingo wa ndoo. Nikanyanyua: ilikuwa nyepesi kama kofia. Nikajiambia, Nyarugabo, umelea ng'ombe arobaini na mbili milimani, na hapa unangoja ruhusa ya posta ili utoe maji.

Nikanywesha, lita tatu kila moja. Mimea zangu zikasimama saa ile ile. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa majani ya chini yamekuwa njano. Nikaenda kununua chakula, chupa ya maji ya kahawia. Imeandikwa kifuniko kimoja kwa galoni. Zilikuwa zimekonda, kwa hiyo niliweka viwili. Mnyama aliyekonda anaongezewa. Nimefanya hivyo mara tatu kwa juma moja.

Kanyana anafikiri ninamfugia ng'ombe. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika "majike." Sijamsahihisha. Nzigire ndiye anayemsomea barua, na jambo hili sitaki lipite mdomoni mwa Nzigire.

Nyarugabo


Columbus, 10 Julai 2025

Mzee,

Ni kosa langu kutosema hadi lini. Nimelikubali, tuendelee.

Kosa lako ni chupa. Kwa anayeanza, nusu ya kipimo kilichoandikwa. Nusu, Mzee. Mara moja kwa wiki, na katikati maji matupu. Aliyeandika kipimo hicho ndiye anayeuza chupa.

Njano ya chini kwa wakati huu ni njaa ya kawaida; ungeitibu kwa nusu kifuniko. Ulichoipa ni mara kumi na mbili ya kinachotakiwa. Nitajua imefikwa na nini ukinijibu: Ncha za majani zimeungua, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa? Majani ya juu yamekuwa kijani kizito na kujikunja kama makucha? Juu ya udongo kuna kitu cheupe?

Halafu ni "mimea yangu," si "mimea zangu." Nimeona kwingine umejitahidi kulikwepa neno hilo.

Salomon


Buffalo, 19 Julai 2025

Mwalimu,

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Ncha zimeungua, majani yamejikunja, na juu ya udongo kuna unga mweupe kama wa mihogo. Nimeacha chupa, na bado zinaungua. Nikitoa maji nakosea, nikinyima nakosea, nikilisha nakosea. Ng'ombe akiumwa, anakulilia, unamshika sikio unajua kama iko na homa. Hizi zinakufa huku zimenyamaza. Kila swali langu linakaa siku tano barabarani na jibu lako siku tano, na mmea haungoji.

Isaro alipita Jumapili. Alisimama jikoni, akaniambia kwa Kiingereza kwamba uani kunanuka, kuna kicheche amekufa. Nikasema nitamtafuta.

Nijibu haraka. Neno moja linatosha. Nini inasumbua mimea ZANGU?

Nyarugabo


Columbus, 24 Julai 2025 (kadi ya posta)

Mzee,

Ghalani kazini wametuongezea saa, naandika nimesimama. Jibu ni hili: mimea yako ina shida ya chumvi. Shughulikia hilo leo leo, usingoje barua. Maelezo marefu yanafuata.

S.


Buffalo, 29 Julai 2025

Mwalimu mpendwa,

Kadi imefika jana na leo nimemaliza kazi. Sasa ndiyo umesema lugha ninayoielewa.

Mimi ni mjinga wa chupa na vifuniko, lakini hili nililijua kabla sijajua kuvaa viatu. Ng'ombe akilegea, akiacha kula, manyoya yakisimama, mzee anasema: huyu iko na shida ya chumvi. Unampa. Asubuhi anasimama. Hata Kanyana aliniandikia mwezi uliopita, "wape chumvi," na mimi nikacheka kwa sababu alikuwa anafikiri ni ng'ombe. Aliona mbali kuliko mimi na wewe.

Nimeendesha gari dakika arobaini hadi duka la wafugaji. Wanauza jiwe la chumvi la kulambwa na ng'ombe, la rangi ya waridi, kubwa kama matofali mawili. Nililiketisha kwenye kiti cha mbele kama abiria. Nimelipasua kipande kwa nyundo, nikakiyeyusha katika maji ya moto, nikaacha yapoe, nikazipa lita nne kila ndoo. Ile ya tatu, iliyo chini ya mfereji wa paa uliotoboka, nayo pia.

Kwa mara ya kwanza tangu Juni nimelala bila kuiwaza.

Mungu akubariki,
Nyarugabo


Columbus, 29 Julai 2025

Mzee,

Nimepata nafasi, haya ndiyo maelezo niliyokuahidi.

Chakula cha chupa ni chumvi chumvi zilizoyeyushwa. Mmea usipozimaliza hubaki kwenye udongo. Ule unga mweupe ndio huo. Zikizidi, mizizi haiwezi tena kunywa, hata ikiwa imezungukwa na maji. Kwa hiyo tiba ni kuziondoa. Chukua maji matupu, mara tatu ya ukubwa wa ndoo, na uyapitishe polepole hadi yatoke chini yakiwa safi. Usiweke chochote ndani yake. Baada ya hapo acha ndoo ikauke hadi iwe nyepesi, kisha tuanze upya na nusu kipimo.

Nina matumaini. Umewahi mapema.

Salomon


Buffalo, 6 Agosti 2025

Salomon,

Barua yako ya tarehe 29 imefika Jumamosi. Mbili zilikuwa zimekufa tangu Alhamisi. Majani yamekauka yakiwa bado ya kijani, ukiyashika yanavunjika kama chapati ya jana.

Soma kadi yako. Niko nayo hapa. "Mimea yako ina shida ya chumvi. Shughulikia hilo leo leo." Uliandika wewe, kwa mwandiko wako mzuri wa ubaoni. Nikashughulikia leo leo. Ulitaka nifanye nini kingine?

Wewe umekuwa ukinisahihisha "zangu" na "yangu." Miezi miwili nimevumilia kufundishwa na mtu niliyemzidi umri, kwa sababu ya vidole vya dada yangu. Na siku niliyotii bila kuuliza ndiyo siku niliyoua.

Ile ya chini ya mfereji bado inapumua. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, maji yote ya paa yakapita ndani ya ile ndoo. Donc paa bovu limejua kuliko sisi wawili.

Usiandike kama huna la maana.

Nyarugabo


Columbus, 12 Agosti 2025

Mzee Nyarugabo,

Nimeisoma kadi yangu kama ulivyoniambia. Niliisoma mara nyingi hadi nikaisikia kwa sauti yako.

Kwetu, mimi niliyesomea kambi ya wakimbizi Kigoma, shida ni taabu. Mtu mwenye shida ya chumvi anaumizwa na chumvi. Kwenu milimani shida ni haja. Mtu mwenye shida ya chumvi anaihitaji. Nimefanya kazi na Wakongo miaka sita. Nilisikia kila siku "niko na shida ya gari," "niko na shida ya kazi," na nilikuwa najua maana yake. Halafu nikaandika nimesimama, nikamwandikia mtu wa Minembwe Kiswahili cha darasani kwangu. Neno moja uliliomba. Nilikupa lile moja baya.

Sitakusahihisha tena lugha.

La maana ni hili: iliyobaki paa limeisuuza kwa niaba yetu. Iache ikauke. Usilishe hadi uone jani jipya lisilo na doa, kisha robo kifuniko. Mwisho wa Agosti itaanza kutoa maua. Hapo inahitaji chakula cha aina nyingine, na wiki mbili za mwisho maji matupu tu. Ukiwa na shaka, usifanye kitu. Nyanyua ndoo. Ndoo haina lafudhi.

Unisamehe.

Salomon


Louisville, 25 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Ni Nzigire tena ninaandika. Dada yako anauliza kwa nini hujajibu rangi.

Anasema: habari ya ng'ombe nimewaambia wanawake wa maombi ya Alhamisi. Usinikasirikie, ilinitoka. Wanataka samli. Mama mmoja ameleta chupa tupu na jina lake limebandikwa. Zimefika chupa tisa, zimepangwa dirishani. Pasta naye amesema katika matangazo kwamba Mungu amemrudishia Kanyana kundi lake. Watu walipiga makofi. Mimi nilisimama.

Nakuja Jumamosi tarehe 18 Oktoba kwa basi. Kuna jambo nataka kukuambia, lakini nitakuambia nikifika, si kwa barua. Wanakula vizuri? Hujaandika tangu Juni kama wanakula.

Dada yako,
Kanyana

(Nzigire hapa. Mimi ni chupa ya nne.)


Buffalo, 8 Septemba 2025

Dada Kanyana,

Mwombe Nzigire atoke nje, umpe barua hii mtoto wa Semahoro, yule wa kanisani kwenu, akusomee. Au soma mwenyewe polepole; nimeandika herufi kubwa.

Hakuna ng'ombe. Sikusema ng'ombe, lakini nilikuacha uamini, ni sawa na kusema.

Ni mimea ya bangi. Hapa sheria inairuhusu. Nilitaka kukutengenezea mafuta ya mikono, yale niliyopaka goti. Ilikuwa mitatu, nimeua miwili. Mmoja niliuzamisha kwanza, halafu nikaukausha, halafu nikaulisha kupita kiasi, halafu nikauwekea chumvi. Na mwenzake vivyo hivyo. Uliobaki umetoa maua. Nimejifunza kuunywesha. Unakunywa kila siku ya tatu, lita nne, na chakula robo kifuniko. Utakuwa tayari karibu na siku utakayofika.

Najua uliwaambia watu. Najua chupa ni tisa. Pasta nitampigia mimi.

Ulichotaka kuniambia ukifika, niambie.

Mdogo wako,
Nyarugabo


Buffalo, 22 Septemba 2025

Mwalimu,

Nimekusamehe tangu mwisho wa Agosti. Sikuwa na stempu.

Mmea umefika kifuani kwangu. Maua ni mazito, yananata, vishina nimevifungia kamba. Nywele nyeupe za maua zimeanza kugeuka rangi ya kutu kama ulivyosema. Asubuhi nanyanyua ndoo kabla sijanywa chai. Siku nyingine naishusha naondoka bila kuipa kitu, na sijisikii vibaya. Hilo limenigharimu miezi mitatu. Kwa ng'ombe, kupenda ni kupeleka kitu: majani, maji, chumvi, mkono. Hii inataka uipende ukiwa umekunja mikono.

Nimehesabu: kuvuna ni kati ya tarehe 20 na 25 Oktoba, barafu isipowahi.

Kanyana nimemwambia ukweli wa ng'ombe. Ni siku kumi na nne, hajajibu. Nimeuliza kwa Semahoro; anasema Kanyana anaenda kanisani, anarudi, chupa bado ziko dirishani. Nafikiri ni aibu niliyomtia mbele ya watu. Nikimwonyesha mafuta, itaisha.

Nyarugabo


Louisville, 1 Oktoba 2025

Nyarugabo,

Leo ninaandika mimi. Kalamu nimeifunga na kitambaa kwenye kidole. Itakuwa fupi na mbaya.

Sina kasirani ya ng'ombe. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaogopa.

Mimi si raia. Nilianguka mtihani mara mbili. Yule bwana alinipa sentensi moja ya Kiingereza nisome, niliijua, mdomo ukakauka. Bendera kwenye picha ni ya Nzigire, siku yake ya kiapo. Niliishika kidogo tu, wewe ukaitundika ukutani. Sikuweza tena kusema.

Nimeandika ombi jipya. Nikihamia, wataniita ofisi ya Buffalo. Nimemwuliza mwanasheria wa kanisa, bila kutaja jina. Alisema sheria ya jimbo ni moja, ya serikali kuu Washington ni nyingine, na ya Washington haijui bangi ya halali. Asiye raia asiiguse, asiipake, na asilale nyumba ilimo kama anaweza. Wataniuliza nikiwa nimeapa, na mimi kwenye kiapo siwezi kudanganya. Nimedanganya nyumbani tu, imetosha.

Donc nibaki hapa hadi nipite, au nije. Utaamua wewe. Ni mwaka, labda miwili. Nimesikia ulivyoteseka kwa huo mmea.

Mikono imenizoea. Siko na shida ya mafuta. Niko na shida yako.

Kanyana


Buffalo, 12 Oktoba 2025

Mwalimu Salomon,

Ninakunakilia mwisho wa barua ya dada yangu, neno kwa neno: "Siko na shida ya mafuta. Niko na shida yako."

Usisahihishe.

Kanyana si raia. Mimi ndiye niliyetundika bendera ya mtu mwingine. Mmea ukikaa, yeye hawezi kukaa. Nilifikiria kukuletea ndoo Columbus. Nikakumbuka ulivyoniambia zamani, kuvusha mpaka wa jimbo ni kosa, hata kama pande zote mbili ni halali. Nilifikiria kungoja siku nane nivune, nikaushe, nifiche. Halafu nikaona: nitakuwa nimemfichia mtu anayekuja kuapa. Amekimbia uongo wake mwenyewe, sitamtandikia wangu kitandani.

Jana asubuhi nilinyanyua ndoo kama ulivyonifundisha. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa siku yake ya kunywa. Sikuipa. Nilikata kwenye shina, kwa kisu kile ninachokatia nyama ya Krismasi. Kilipita kwa mara moja. Harufu ilijaa uani hadi kwa jirani, akachungulia juu ya uzio akauliza, kwa uso wa msiba, kama nimerukwa na akili. Nikamwambia nina mgeni.

Nilichanganya yote na udongo na maji machafu, maua na majani, hadi ikawa tope lisilo na faida kwa mtu, nikalitupa. Ndoo tatu nimezisuuza, maji mara tatu ya ukubwa wake, hadi yakatoka safi. Nimesugua uani kwa sabuni. Isaro amepita leo baada ya ibada, akavuta pumzi, akasema yule kicheche hatimaye nimempata.

Siulilii mmea. Nina hasira tu, na sijui niielekeze wapi. Miezi minne, Mwalimu. Siku nane.

Basi linafika Jumamosi, saa nne asubuhi. Nimempangia chumba cha mbele, chenye dirisha la jua. Picha nimeishusha, msumari nimeuacha. Jioni tutakuwa tunasoma sentensi za Kiingereza, mimi na yeye, moja baada ya moja, hadi mdomo usikauke. Ukiwa na kitabu chochote ulichofundishia, kitume, na safari hii andika maelezo marefu kwanza.

Anakuja na chupa zake tisa, amekataa kuziacha. Najua atakachouliza akishuka, hata kabla ya salamu: wako wapi? Sina ng'ombe, sina maziwa, sina hata jani la kumwonyesha. Lakini lile jiwe la waridi bado liko gereji, nililipasua kona moja tu. Nitamwambia, chumvi yao hii hapa.

Nyarugabo